Posa ya Deus na Ramani ya Visiwa vya Sukari

Mwaka 1978, nikiwa na miaka ishirini na minne, shida ilinikuta nikikata miwa ng'ambo ya mto Kagera. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu. Shida ni kitu kingine. Askari wa Amin walivuka, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, wakavunja kiwanda cha sukari tulichokuwa tukikilisha miwa, kisha Amin akatangaza redioni kwamba mpaka mpya ni mto. Yaani nimelala Tanzania, nimeamka naambiwa kitanda changu kiko Uganda. Nikavuka mto na shati moja na panga la miwa. Panga lilikuwa la kiwanda.

Shule nilifika darasa la tatu. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akatafuta nukta zangu na mikato. Wengi mmeniuliza hapa Toronto baada ya misa, tukinywa chai kule chini ya kanisa: Ta Kaijage, mzee wetu, ni kweli wewe na rafiki yako Nizar mlikwenda visiwani kuposa nusura mkatwe mapanga? Kila mtu ana habari yake. Basi hii ndiyo yangu, na mimi nilikuwepo.

Ramani ilivyofika ukutani kwangu

Kazi yangu mnaijua. Mtu akihama au akifariki hapa Toronto na nyumba imejaa vitu, wananiita na malori yangu. Miaka ile majengo ya zamani ya mtaa wa Regent Park yanabomolewa, jirani tu na pale kulikuwa na mama mmoja mzungu, mjane wa mtu wa jeshi la wanamaji. Alikuwa anahamia nyumba ya wazee. Tulipomaliza kupakia akanipa fremu kubwa. "Chukua hii," akasema. "Wanangu wanataka televisheni tu."

Ilikuwa ramani ya manowari, ya zamani sana, karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Visiwa vimemwagika baharini kama shanga zilizokatika uzi. Bahari yote imejaa tarakimu, vina vya maji, ili meli zijue pa kupita. Nchi kavu kuna mizinga ya vita, visima, na majina ya wenye mashamba ya miwa. Mjane akanieleza kwamba Waingereza na Wafaransa walipigania visiwa vile miaka na miaka kwa ajili ya sukari. Kisiwa leo cha huyu, kesho cha yule, na aliyekuwa anakata miwa haulizwi. Nikasema moyoni, hawa watu nawajua. Nikaitundika sebuleni, juu ya televisheni. Mtu mmoja wa duka la vitu vya kale aliitaka sana. Nikamwambia anunue televisheni.

Miaka ikapita. Jumapili moja kijana wangu Deus akamleta msichana, Marielle. Deus amekulia hapa. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana kama redio mbili kwenye chumba kimoja. Msichana akasalimia vizuri, akaenda kunawa, akirudi akasimama mbele ya ukuta. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Bibi yangu anakaa hapa," akasema.

Ilikuwa Saint Lucia, kimoja cha vile visiwa vya sukari. Mke wangu Koku akaacha sahani aliyokuwa ameishika. Wazazi wa Marielle walishatangulia mbele ya haki, aliyemlea ni huyo bibi, Ma Clotilde. Kwa hiyo wa kumwomba alikuwa mmoja tu, na Marielle alituambia wazi: bibi akikataa, yeye haolewi. Deus akabadilika rangi. Nikampenda yule msichana palepale.

Deus akaniambia nimpigie bibi simu.

"Posa kwa simu?" nikamwambia. "Naagiza piza?"

Nikaamua kwenda mwenyewe, na ramani iwe zawadi ya kufungulia mlango. Nikamwagiza Marielle kitu kimoja: amwambie bibi kuna wageni wawili wazee wanakuja, basi. Asiseme wanakuja kwa nini, maana kwetu posa haitangulizwi na watoto, inasemwa na wakubwa, tena baada ya kula na kulala. Marielle akauliza kama nina uhakika. Mimi nina uhakika siku zote.

Malton mpaka North York, kumfuata mshenga

Nakaa Malton, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba rubani akikohoa nasikia. Lakini mshenga wangu alikuwa North York, upande wa pili wa jiji, na mshenga haitwi, anafuatwa. Siku ile theluji ilianguka kama unga unaochekechwa. Lori moja halikuwaka, la pili liko kazini. Nikapanda basi, na ramani imekunjwa ndani ya bomba la plastiki mgongoni kama mtu anayekwenda kuwinda.

Nizar mnamjua, Mwismaili wa Bukoba. Baba yake alikuwa na duka la vitenge karibu na soko, na Kihaya chake kinawapita watoto wangu wote watatu. Akafungua mlango amevaa suti na tai.

"Ta Kaijage, unakaa mlangoni kwa ndege halafu unakuja kunitafuta huku? Ningechukua teksi nikakukuta."

"Mshenga haji kwa teksi."

"Basi ungenifuata kiangazi!"

Mkewe, Gulbanu, akatukalisha mezani kwanza. Kulikuwa na mihogo ya nazi na kuku, na pilipili yake ile inayokukumbusha dhambi. Akatufungashia na mingine. Tulipokuwa tunavaa viatu akaniambia, "Kaijage, usinirudishie huyu na mafua. Na posa ikikataliwa, usimrudishe kabisa."

Kurudi magharibi ilikuwa vita. Basi letu lilisimama nyuma ya basi lililoteleza, na hilo nalo limesimama nyuma ya jingine. Bomba langu likamgusa Singasinga mmoja mzee kilembani. Nikamwomba radhi, akauliza ndani kuna nini, Nizar akamweleza habari yote tangu mwanzo. Mpaka tunafika Malton basi zima linajua tunakwenda kuposa. Watu wakatupigia makofi tukishuka. Dereva akapiga honi.

Uwanja wa ndege, pasipo ndege

Ndege hazikuruka. Ubao wa safari wote mwekundu. Nyumbani kwangu ni hapo tu, lakini Nizar alisema msafara wa posa ukishatoka haurudi ndani, ni nuksi. Mimi ndiye niliyemfundisha mila hizo, nikashindwa kubisha. Tukakaa sakafuni ukumbini kama wakimbizi wenye tai.

Karibu yetu alikaa mama mmoja wa Kikongo anakwenda Edmonton, ndege yake imekwama pia. Aliposikia Kiswahili akageuka mwili mzima.

"Ba baba, karibuni. Muko na njaa?"

Akatoa sombe, kisamvu cha kwao, na samaki mkavu, sisi tukatoa mihogo ya Gulbanu, tukala vizuri kuliko hotelini. Akataka kujua bomba ni la nini. Nikamweleza.

"Baba! Munaenda kuomba mutoto ya batu na karatasi? Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi hapandi ndege, mama."

"Na mukifika, mutasema nini?"

"Siku ya kwanza hatusemi kitu," Nizar akajibu kwa heshima.

Yule mama akacheka mpaka akajifuta macho. "Bibi mukubwa hapendi kungojeshwa. Semeni mbio mbio." Nikamwona mtu mwema asiyejua adabu za Wahaya.

Ubao ulipobadilika tukaenda kwenye ukaguzi. Dada mmoja wa sare akalifungua bomba, akaikunjua ramani mezani, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao. Nikadhani tumekamatwa. Kumbe mkubwa wao aliwahi kwenda mapumziko huko, anatafuta hoteli yake.

"Hoteli haimo," nikamwambia. "Mizinga imo."

Mfukoni nilikuwa na kahawa yetu ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni, iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Dada akauliza hii nini. Nikamkaribisha achukue moja. Hakuchukua, lakini alicheka, na kahawa ikapita.

Kwa Ma Clotilde

Tulishuka kwenye joto lile na makoti ya Toronto, tukawa kama viazi vimetolewa chunguni. Aliyetupokea ni kaka yake Ma Clotilde, mzee Ignatius, na pikapu yake. Mtu mrefu, maneno machache. Barabara inapanda na kushuka mabonde, na kila bonde migomba. Migomba! Miwa walishaiacha zamani. Nikamwambia Nizar, tumepotea njia, hapa Bukoba.

Ma Clotilde ni mwembamba, amenyooka, kitambaa kichwani. Akatuwekea ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi. Nilikula, nikaongezwa, nikala. Kisha akaanza kuuliza, na Nizar, ambaye Kiingereza chake kimenyooka, akawa anapokea maswali na kunitafsiria.

"Mmekuja kutembea?"

"Tumekuja kuona watu," nikajibu.

"Watu gani?"

"Watu wa hapa."

"Mtakaa mpaka lini?"

"Mpaka shughuli iishe."

"Shughuli gani?"

"Kesho, mama," nikasema, na nikatabasamu.

Yeye hakutabasamu. Nikaona ni mwanamke mwenye uzito wake, nikafurahi. Nikaona pia huu ndio wakati wa zawadi. Nikaikunjua ramani juu ya meza yake.

Ignatius akainama. Akaweka kidole mahali, akasoma jina la bwana mmoja wa zamani mwenye shamba la miwa. Ma Clotilde akasoma pia. Chumba kikanyamaza. Sisi tukachukua ule ukimya kuwa ni heshima. Nizar, ili kuujaza, akaanza kusifu.

"Hapa ndipo tulipo, sivyo? Mahali pazuri mno. Na ona tarakimu hizi, maji ni marefu mpaka karibu na pwani. Meli kubwa kabisa inaweza kuingia!"

"Nani amewatuma?" Ignatius akauliza.

"Tuna watu wetu Toronto," nikasema kwa fahari. "Wengi. Wanangojea jibu."

Kahawa niliyotoa haikuguswa. Tulionyeshwa chumba, mlango ukafungwa, na chakula cha jioni hakikuja. Nizar akaketi kitandani na tai yake.

"Kaijage, kuna kitu hapa hakiko sawa."

"Wanajadiliana," nikamwambia. "Ukoo wowote wa maana unajadiliana."

Ukoo unakusanyika

Asubuhi nikachungulia nje, uani kumejaa watu. Wanaume, wanawake, wengine wametoka mabonde ya mbali. Moyo ukanijaa. Ukoo mzima umekuja kusikiliza posa ya mwanangu!

"Mbona wana mapanga?" Nizar akauliza.

"Wametoka kukata ndizi, wewe Mhindi. Vaa koti."

Nikatoka, nikapita kwa kila mmoja nikimpa mkono. Waliupokea kama mtu anayepokea samaki aliyelala. Nikawapa kahawa, hakuna aliyetafuna. Ma Clotilde alikuwa amesimama kizingitini na ramani yangu mkononi, amekwisha kuikunja. Akasema polepole ili hata mimi nielewe:

"Hapa hakuna cha kuchukuliwa. Rudini mlikotoka na karatasi yenu."

Sasa sikilizeni. Kwetu ukipeleka posa mara ya kwanza ukakubaliwa, shtuka: hao wanataka kumwondoa binti yao. Ukoo wa heshima unakataa kwanza. Kwa hiyo niliposikia nimekataliwa, tena mbele ya watu, nilitaka kucheza. Nikainama, nikasema kwa sauti, na Nizar akatafsiri neno kwa neno:

"Tumesikia, mama, na tunashukuru. Leo mmetukataa. Tutarudi. Mkitukataa tena tutarudi tena, na kila tukirudi tutakuja na watu wengi zaidi, mpaka tupate tulichokijia."

Hapo uwanja ulilipuka. Mwanamke mmoja akatupa kibuyu chini. Ignatius akaja mbele, na panga lake halikuwa la ndizi tena.

"Kaijage," Nizar akaniambia kwa Kihaya, bila kunigeukia, "hawa hawatanii."

Nikamwangalia Ma Clotilde. Alikuwa ameuziba mlango kwa mwili wake, na haikuwa hasira tu, ilikuwa hofu. Hofu ile naijua. Mama yangu alikuwa nayo siku tuliyovuka mto. Nikaelewa kwamba mimi hapa nimefika kama Amin. Na posa ya Deus ilikuwa imekwisha, imekufa uani, na mwuaji ni mimi.

Basi nikavunja mila. Nikamwacha mshenga wangu kando, nikapiga kelele kwa Kiingereza changu cha kupakia malori.

"Mama! Shamba sitaki! Nataka msichana!"

"Msichana?" akasema. "Na umri huo?"

"Si mimi! Kijana wangu! Deus! Kwa Marielle!"

Kuku mmoja akapita katikati yetu. Kisha Ma Clotilde akakaa kizingitini, akaanza kucheka, na alipoanza hakuna aliyeweza kubaki. Ignatius aliegemea mgomba.

"Na kwa nini hukusema jana?"

"Kwetu haisemwi."

"Kwenu hakuna akili!"

"Ipo, mama. Imechelewa ndege."

Ndipo nikaelezwa. Ardhi ile ni ya ukoo, haigawanywi, hakuna mtu mmoja mwenye hati yake. Wamekwisha kuja watu wa hoteli na makaratasi na maneno matamu, wanaanza hivyo hivyo, wanakula, wanasifu bahari. Nami nikawaeleza habari ya Kagera, miwa, kiwanda, mpaka uliohamishwa redioni. Nikawaambia niliipenda ile karatasi kwa sababu imejaa wakubwa wanaogombania jasho la mtu mwingine, na mimi ndiye huyo mwingine. "Nimefukuzwa na mtu mwenye mpaka mpya," nikasema. "Siwezi kuja kumfukuza mtu." Nizar alitafsiri akijifuta macho kwa tai, ingawa sasa anakataa. Na yeye ana habari zake za kuhamishwa, siku nyingine mwulizeni.

Ma Clotilde akavaa miwani, akaikunjua ramani chini, akaipitia pwani yote kwa kidole.

"Wameandika maji," akasema. "Wameandika mizinga. Wameandika jina la bwana. Sisi hatumo."

Akaomba kalamu.

"Mama, hapana!" Nizar akaruka. "Hicho ni kitu cha kale!"

"Na mimi nikoje, kipya?"

Akachora nyumba yake. Kalamu ya wino wa buluu, palepale. Ignatius akachora yake, akaandika jina. Wakaja mmoja mmoja, wakipiga magoti kwenye karatasi ya manowari ya Mwingereza. Hapa kwa fulani. Hapa kaburi la mama. Hapa mtoni tunapofulia. Wawili wakabishana mti fulani uko upande gani wa njia, ikabidi waende kuuangalia. Nizar aliziba macho na kuchungulia kati ya vidole. Mimi nilikuwa nacheka, jamani, sijui lini nimecheka hivyo.

Lakini bibi hakuwa amejibu. Watu walipotulia akanigeukia.

"Mjukuu ninaye mmoja. Wewe una nini?"

Nizar akakohoa, akaanza: "Mheshimiwa Kaijage ni mfanyabiashara mkubwa wa Toronto, mwenye..." Nikamshika mkono. Nikajibu mwenyewe, kitu kimoja kimoja, bila kuongeza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama Deus anafanya kazi au anakaa kwenye kompyuta. Nikasema anafanya kazi kwenye kompyuta. Akafikiri juu ya hilo.

"Harusi itafanyika hapa," akasema. "Siyo kwenye theluji. Na karatasi inabaki."

"Mahari imepokelewa!" Nizar akapiga kelele.

Nikatoa kahawa. Ma Clotilde akachukua punje moja, akatafuna, uso ukamkunjamana, lakini hakuitema. Wengine wote wakanyoosha mikono.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na neno. Tuliondoka na ndizi nyingi, na zote tuliziacha kwa watu wa ukaguzi. Nizar alilala njia nzima mdomo wazi. Toronto barafu ilikuwa palepale tulipoiacha.

Deus na Marielle walikuwa wanangoja mlangoni mwa uwanja wa ndege. Nizar akatangaza kwamba mshenga hatoi habari njiani, anatoa nyumbani, amekaa, mbele ya wazazi wote wawili. Tukapanda gari, yeye mbele, tai imenyooka. Tulipofika nyumbani Koku akamwekea kiti, Nizar akakaa, akakohoa, akaanza tangu theluji ya North York. Marielle alimwacha afike mbali kidogo.

"Bibi alishapiga simu," akasema.

Sasa mmesikia yote. Anayesema tulifukuzwa ni mwongo, na anayesema niliogopa alikuwa Toronto. Nilichomjibu Ma Clotilde ni hiki, nimeongeza tu cha leo:

Nyumba ya matofali Malton, yangu, hakuna benki ndani yake.
Malori mawili, moja linawaka kwenye baridi.
Shamba la migomba na kahawa Misenyi, ng'ambo ya Kagera, Tanzania.
Ng'ombe wanne huko huko.
Suti mbili.
Mke mmoja, yule yule.
Watoto watatu.
Rafiki mmoja Mhindi.
Mkwe mmoja, Marielle, anayechemsha ndizi vizuri kuliko binti zangu.
Ramani sina.